Ubia wa Randa na Cherehani

Juzi mmoja wenu aliingia karakanani amenuna, akaketi bila salamu, akakanyaga pedali ya cherehani kana kwamba pedali ndiyo iliyomkosea. Simtaji jina. Nilipomuuliza kulikoni, akasema mumewe amenunua kamera. Mume hana kazi ya picha, hana studio, harusi hata moja hajawahi kupiga. Ameipenda tu. "Bibi Zubeda," akaniambia, "mwanamume mzima, na kodi ya nyumba bado hatujalipa." Mkacheka nyote, kisha mkanigeukia mimi, maana mnajua mdomo wangu haulali. Siku ile sikusema kitu. Tulikuwa tunabandika mkono wa koti la watu na ulikuwa unakataa kukaa, na mkono wa koti ukikataa kukaa, hata mtu akikwambia nyumba inaungua unamwambia subiri kidogo. Leo niko nyumbani, mguu unauma, hakuna koti. Basi nimeshika kalamu.

Mnanijua kama fundi wa zamani anayekuja kuwasumbua asubuhi. Nimeshona mtaa huu wa Biryogo tangu mama zenu wengine hawajaolewa. Nimeacha kwa sababu ya macho, mikono yangu bado ina akili zake. Nimewafundisha kupima, kukata, kupiga pasi mshono kabla ya kuugeuza, jambo ambalo nusu yenu mnalikwepa na nguo zenu zinawasema mbele za watu. Lakini hili la mume na vyombo anavyovipenda sikuwahi kuwafundisha. Nilidhani linanihusu mimi peke yangu, mpaka niliposikia habari ya kamera.

Marehemu mume wangu, Baba Sumaya, alikuwa dereva. Alimwendesha mhandisi mmoja wa barabara, mzungu mzee aliyemwita patroni, yaani bosi, aliyekaa mtaa wa Kiyovu kwenye nyumba ya miti mingi. Siku za kazi walizunguka nchi nzima kwa vumbi. Jumamosi mzungu hakwenda popote. Alijifungia kwenye banda nyuma ya nyumba, akaranda mbao. Si kwa kuuza, si kwa nani, anaranda tu. Baba Sumaya alitakiwa awepo, maana dereva analipwa kusubiri kama anavyolipwa kuendesha, na katika kusubiri kule akaanza kushika upande wa pili wa ubao. Baadaye akapewa randa aisukume mwenyewe. Siku hiyo alirudi nyumbani na maranda kwenye nywele, ananieleza kwamba randa husukumwa, haikandamizwi, na kwamba ikinolewa vizuri hutoa ubao ngozi nyembamba kama ya kitunguu. Nilimwambia anawe mikono, chakula kinapoa.

Hapa lazima nieleze kitu, hasa kwa nyinyi msio Waislamu, msije mkadhani nilikuwa mwanamke bahili tu. Mahari yangu ilikuwa cherehani. Fundi aliyenifundisha kushona, Bi Salama, ndiye aliyenishauri. Huyo alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na yeye aliwahesabu mpaka wa nne kila alipopata msikilizaji. Shehe alipotuma watu waniulize nataka mahari gani, nilikuwa tayari kusema kitanda na kabati. Bi Salama akaniambia, "Usitaje kitanda. Kitanda mtalalia wote. Taja cherehani."

Nikataja cherehani. Na kwetu mahari ni mali ya mke, na anachochuma mke kwa mali yake ni chake. Chakula, kodi, ada za watoto viko juu ya mume. Ikiwa mke atasaidia, ni hisani yake, na mume anashukuru. Baba Sumaya alikuwa mtu wa dini, alilishika hilo kuliko mimi nilivyolishika. Mshahara wake ukishagawanywa kwenye chakula na kodi na shule haukubaki hata wa kununua msumari. Na fedha za cherehani yangu, kamwe hakuzigusa bila kuniomba.

Nami nilikuwa naziwekea overloki. Nyinyi leo mnazo tatu, mnazitazama kama masufuria. Wakati ule kuwa na overloki Biryogo ilikuwa sawa na kuwa na gari. Sisi wengine tulimaliza kingo za nguo kwa mkono, sindano juu, sindano chini, mpaka shingo inakufa ganzi. Sare za shule zilikwenda kwa mwenye overloki, kwa sababu nguo yake haichomoki nyuzi mtoto akiruka ukuta. Nilizitaka sare hizo. Nilikuwa nazikusanya fedha kwenye kopo la maziwa, kidogokidogo, na hakuna aliyeruhusiwa hata kulitikisa.

Basi mwaka wa tisini, mwezi wa kumi, vita vikaanza mpakani, na wazungu wakaanza kufunga mizigo. Ijumaa moja, baada ya chakula, tuko mkekani. Nyumbani kwetu habari za fedha zilizungumzwa Ijumaa mchana tu, mkekani, watu wameketi na wamekula. Hilo nalo lilitoka kwa Bi Salama. Alisema usizungumze fedha na mwanamume aliyesimama, wala aliyevaa viatu, kwa sababu huyo tayari anaondoka.

"Mama Sumaya," akaanza, "iko jambo."

"Iko jambo kila Ijumaa. Sema."

"Patroni anaondoka."

"Mungu amfikishe salama. Na kazi yako?"

"Kazi iko. Ofisi inabaki na gari linabaki, nitaendesha mwingine."

"Alhamdulillahi. Sasa mbona jasho linakutoka?"

Akapangusa uso. "Ana sanduku."

Wanangu, alilieleza sanduku lile mpaka kahawa yangu ikapoa, nikamimina nyingine, na hiyo ikapoa. Randa ndefu, randa fupi, randa nyembamba ya kuchonga mfereji. Patasi zenye mipini ya mti wa kwao. Jiwe la kunolea lenye upande mkali na upande laini. Mzungu alikuwa anaondoka na masanduku mawili ya nguo, na vyombo vile alitaka kumuuzia Baba Sumaya kwa bei ndogo kabla ya kuondoka. Watu huniuliza kwa nini hakumpa bure, baada ya Jumamosi zote zile. Mimi sijui. Wako hivyo wengine. Baba Sumaya hakumlaumu, alisema kitu ukikinunua unakiheshimu, na mimi nikamjibu kwamba anayenunua si yeye.

Nikamuuliza swali ambalo kila mke huuliza. "Vitatuletea nini?"

Alikuwa amelitarajia. Wiki ile shehe alikuwa amefundisha habari za ubia, kwamba mmoja anaweza kutoa mtaji na mwingine akatoa kazi, faida wakagawana kwa haki. Baba Sumaya alikuja na somo zima kichwani. "Tufanye ubia," akasema. "Mtaji wako, mikono yangu. Nitatengeneza viti, vigoda, meza. Faida nusu yako, nusu yangu. Na nusu yangu nayo nakukopesha mpaka overloki ipatikane."

Yewe, neno faida. Babu yangu mimi alitoka Ujiji na mizigo ya chumvi na vitambaa, na damu hiyo ikisikia faida inakaa wima. Nikaacha kuwa mke, nikawa mfanyabiashara. Nikasema vyombo vitabaki vyangu mpaka mtaji urudi. Akakubali. Nikasema bei ya kila kitu nitapanga mimi. Akakubali. Nikasema hatatengeneza kitu ambacho hakina mteja. Hapo alikunja ncha ya mkeka, kisha akakubali na hilo.

Ilinipasa nishtuke. Nyinyi mmeshawaona wateja wanaokubali bei bila kubishana. Mmoja haijui nguo, wa pili hana nia ya kulipa. Baba Sumaya alikuwa wa aina ya tatu, alikuwa amependa, na mtu aliyependa unaweza kumwandikisha chochote. Lakini mimi nilitoka mkekani pale najiona nimekata kitambaa vizuri sana.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kijibaraza cha mabati, hapo akaweka meza yake. Ubao wa kwanza alioununua ulikuwa mkaratusi mbichi, na mkaratusi mbichi hujikunja kama mtu mwenye tumbo la kuuma. Aliranda upande wa kulia, ukainuka wa kushoto. Akaranda wa kushoto. Siku mbili mfululizo alikwenda hivyo, na mwisho alikuwa na rundo kubwa la maranda na kipande kinachofaa kuwa rula. Nilimuuliza rula tutamuuzia nani. Kigoda chake cha kwanza kilikuwa na miguu mitatu iliyopatana na wa nne uliokuwa na mawazo yake. Niliketi juu yake nikakunja mshono, na kila nilipovuta uzi kilinisogeza upande wa jirani.

Halafu kulikuwa na siku ya mkasi. Ninyi mnajua sheria ya mkasi wa kitambaa. Karatasi haukati, nywele haukati, hata uzi wa viatu haukati. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta anakatia msasa. Msasa, wanangu, karatasi yenye mchanga juu yake. Nilimtazama tu. Akauweka chini polepole, akasema, "Nitaunoa."

"Utaunoa?"

"Nimefundishwa kunoa."

Nilikuwa tayari kuulilia mkasi ule. Lakini aliufungua, akaulaza kwenye jiwe, akanoa upande ulioinama peke yake. Upande bapa hakuugusa. Huo ukiugusa umeuua mkasi, ndiyo sababu nawafokea mnapowapa wanoaji wa barabarani. Aliponirudishia, nilikata hariri kwa ncha, kisha kwa shingo ya mkasi, na haikuvuta hata uzi mmoja. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyeninolea, na mafundi wenzangu wakaanza kuleta mikasi yao. Hakuwatoza. Nilimkumbusha ubia, akasema ubia ni wa mbao.

Na alipokuwa akiranda alivuma. Sisemi aliimba, sauti hakuwa nayo. Alivuma puani kitu kisicho na mwanzo wala mwisho, kinakwenda na mwendo wa mkono. Mimi nikiwa ndani na cherehani yangu nilikuwa nakisikia, na baada ya muda mguu wangu kwenye pedali ukawa unakwenda nacho. Wakati ule sikukitilia maanani. Kilikuwepo tu, kama vile redio ya jirani.

Kisha akaanza kujua kazi, na wateja wakaja. Wateja niliwaleta mimi, tena kwa bidii. Kila aliyekuja kupimwa gauni alitoka amesikia habari za viti. Madrasa ikataka mabenchi. Mama mmoja mwenye mkahawa barabara ya kwenda mjini akataka vigoda vya wateja wake, na huyo ndiye aliyetuonyesha dunia. Alivitaka Jumamosi. Vikaletwa Jumamosi, akasema ni vifupi. Vikarefushwa, akasema sasa magoti yanagonga meza. Nikamwambia Baba Sumaya atengeneze na meza. Alikuwa ametoka safari ya Ruhengeri siku hiyo, njia nzima vizuizi vya askari, macho mekundu kwa vumbi. Alinitazama akasema, "Sawa." Akaenda kwenye kijibaraza.

Nilikuwa napita pale mara kwa mara na chaki sikioni, namuuliza viti vimefika wapi. Wakati mwingine sikuuliza, nilisimama tu. Nyinyi mnajua fundi mkuu akisimama nyuma ya mgongo wako jinsi mshono unavyopinda. Nikamwambia miguu ya viti aache kuichonga mviringo, wateja hawalipi mviringo. Akaacha. Nikamwambia msasa mmoja unatosha, asisugue mara ya pili. Akaacha na hilo. Kopo la maziwa likaanza kuwa zito. Ubia ulikuwa unakwenda vizuri, mngetuona mngetusifu.

Siwezi kuwaambia ni siku gani kuvuma kule kulikatika. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, kwamba sikujua siku. Nilikuja kugundua kwa sababu ya mguu wangu. Nilikuwa nashona pindo la shuka, kazi ya kijinga ambayo mguu unaifanya peke yake, na nikaona mguu haujui mwendo. Nikasimamisha gurudumu, nikasikiliza. Nyuma ya nyumba randa ilikuwa inakwaruza, inasimama, inakwaruza. Yeye kimya.

Nikaanza kumwangalia. Alikuwa anachelewa kurudi, yeye ambaye zamani alirudi mbio. Dereva mwenzake akaniambia kwa utani kwamba Baba Sumaya siku hizi huketi kwenye gari ofisini, kazi imekwisha, funguo mkononi, mpaka mlinzi amwambie anafunga geti. Nilifikiri mengi, na mwanamke akifikiri mume anachelewa wapi hafikirii mbao. Lakini siku moja nilikwenda kwenye kijibaraza kutafuta kipande cha ubao cha kuzuilia mlango, nikainua ile randa ndefu. Chini kwenye chuma kulikuwa na kutu. Madoa mekundu, mengi. Na huyu ndiye mtu aliyekuwa akivipaka vyombo vile mafuta kila alipomaliza, kabla ya kula, kabla hata ya kunawa.

Nilibeba randa ile ndani ya kanga mpaka kwa Bi Salama. Alikuwa amezeeka, hashoni tena, anakaa mlangoni akipokea salamu. Nikaiweka mapajani mwake. Nikamweleza ubia wote, mtaji wangu, mikono yake, nusu kwa nusu, mkahawa, mabenchi.

Akapitisha kidole kwenye kutu. "Na wewe faida umepata?"

"Nimepata. Overloki iko karibu."

"Na yeye?"

"Nusu yake ananikopesha."

"Sikuulizi fedha, Zubeda. Huyu mtu Jumatatu mpaka Ijumaa anaendesha anakoambiwa. Alikuwa na pahali pamoja ambapo haambiwi. Sasa na hapo umemwekea patroni, na patroni ni wewe."

Nikajitetea. Nikamwambia ubia alileta yeye, maneno yalikuwa yake, hata shehe alikuwa wake. Nilikuwa nasema kweli, na mnielewe hapo. Mtu anayekipenda kitu chake hukisingizia faida, kwa sababu anaona aibu kusema nakitaka tu. Anamwambia mkewe kitatulipa, na mke naye anaona salama kukubali jambo lenye hesabu kuliko jambo lenye mapenzi. Hivyo ndivyo sisi wawili tulivyojifunga.

Bi Salama hakunibishia. Akanirudishia randa akasema, "Kaisugue kutu hiyo kwa majivu na mafuta ya taa. Yeye asikuone."

Nikaisugua. Ijumaa iliyofuata, mkekani, hata kabla hatujamaliza kula, mimi ndiye niliyeanza. "Baba Sumaya, iko jambo."

Akaacha kijiko. Nadhani alifikiri namdai talaka, kwa uso niliokuwa nao.

"Ule ubia nauvunja," nikasema.

"Kwa nini? Mama wa mkahawa kalipa. Benchi zimekwisha."

"Ndiyo, kalipa. Nauvunja."

Akasema kwa sauti ya mtu aliyefukuzwa kazi iliyokwisha kumchosha, "Basi tuviuze vyombo. Nitakurudishia mtaji wako."

Hapo ndipo nilipoona tumefika mbali kiasi gani. Alikuwa anasema hivyo kwa unafuu, wanangu. Mtu aliyetoka jasho kwa ajili ya sanduku lile alikuwa tayari liondoke ili apumzike. Nikamwambia haviuzwi. Nikamwambia vyombo vile, vyote, na jiwe, na sanduku lenyewe, nampa hiba. Hiba kwetu si zawadi ya kusema mdomoni tu. Ukishaitoa na mwenzio akaipokea, hairudi, huwezi kuidai, hata mkigombana, hata mkiachana. Nikamwita Sumaya aliyekuwa jikoni aje asikie, awe shahidi wa baba yake.

"Sema umepokea," nikamwambia.

"Na overloki?"

"Overloki ni mambo yangu na cherehani yangu. Sema umepokea."

"Nimepokea," akasema. Kisha akainama kwenye sahani akala, akala haraka, na machozi yakamtoka, na sote tukajifanya ni pilipili.

Msidhani alianza kuvuma siku ile ile. Ilichukua muda. Wateja walikuja, akawaambia amefunga, na mama wa mkahawa alininunia mpaka nikahama njia ya kwenda sokoni. Kwa wiki kadhaa hakugusa kitu. Halafu jioni moja nikasikia jiwe, anavinoa vyombo vyote kimoja kimoja. Na baada ya hapo akapata wazimu mpya.

Mmeona marfaa, kile kikalio cha mbao cha kuwekea msahafu, kinachofunguka kama mkasi uliosimama. Kile cha fundi hasa hutoka kwenye ubao mmoja. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna bawaba. Unauchana ubao katikati ya unene wake, kutoka huku mpaka karibu na nusu, na kutoka kule mpaka karibu na nusu, na pale katikati unachonga vidole vinavyopishana. Ukikosea kidogo, ubao unapasuka na kazi yote inakuwa kuni. Ukipatia, unavuta pande mbili na ubao mmoja unafunguka mbele ya macho yako. Baba Sumaya aliona kimoja msikitini, akakigeuza juu chini mpaka imamu akamwuliza kama anaswali au ananunua.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa hiyo. Alivipasua vingi. Nilipikia maharage kwa marfaa zilizoshindwa, na zinawaka vizuri. Hakuna aliyeziagiza. Akipasua, alikaa akakitazama kipande, akasema, "Ahaa," kana kwamba ubao umemjibu, akachukua mwingine. Na alikuwa anavuma. Ilikuwa miaka mibaya mjini, mnajua. Redio zilikuwa zinasema maneno ambayo sitayarudia, watu walikuwa wanatazamana wakipishana njiani, mabomu ya mkono yalikuwa yanatupwa sokoni. Alirudi kutoka kazini uso umekaza, akapita moja kwa moja nyuma ya nyumba. Baada ya muda nasikia randa, kisha kuvuma, na mguu wangu unakaa sawa kwenye pedali.

Baba Sumaya aliuawa mwaka wa tisini na nne, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, barabarani, akienda kumtafuta dada yake ng'ambo ya mji. Sina zaidi la kuandika juu ya hilo hapa. Tuliporudi nyumbani milango ilikuwa wazi, cherehani haipo, sanduku halipo, hata meza ya kijibaraza ilikuwa imekwenda. Nilianza upya kwa cherehani ya kuazima. Overloki niliinunua miaka mingi baadaye, na siku ilipoletwa niliitazama tu, sikuwa na hamu nayo kama nilivyodhani. Leo nikipita Gisozi kwenye karakana za mbao, kelele za mashine hazinifanyi kitu. Lakini kijana mmoja akikatikiwa na umeme akashika randa ya mkono, nasimama, na watu wanadhani nataka kununua kabati.

Siku ninayotaka kuwaeleza ilikuwa Ijumaa, Idi imepita, mwaka ule ule wa tisini na nne, wiki chache kabla hajauawa. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye mabati. Tumekula, tuko mkekani, na nikamwona anakunja na kukunjua ncha ya mkeka.

"Mama Sumaya, iko jambo."

"Sema."

"Msumeno nilionao ni mnene. Kwenye vile vidole vya katikati unakula mbao nyingi, ndiyo maana vinapasuka. Iko mwembamba mjini, kwa yule Mhindi wa vifaa. Nikiupata ule, nadhani madrasa inaweza kuhitaji marfaa, watoto ni wengi, na tukiweka bei ya..."

"Mimi nimekuuliza utatengeneza nini?"

"Hujauliza."

"Basi."

Nikainuka nikaenda kwenye kopo, nikarudi na fedha, nikaziweka mbele yake kwenye mkeka. Hakuzichukua. Alinitazama, akaweka mgongo wa kiganja chake kwenye paji la uso wangu, kama tunavyowafanyia watoto.

"Unaumwa?" akaniuliza.

Nikamwambia siumwi, aende kabla mvua haijazidi na duka halijafungwa. Akavaa viatu vyake haraka, akatoka na mvua ile ile, hakungoja hata nimtafutie mwavuli. Hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho aliloniomba mkekani, na kila nikilikumbuka namshukuru Mungu kwamba sikumuuliza litatuletea nini.